Kitako, Mtutu na Mkono Ulioshika

Sheria inayokataza tendo ni rahisi kuiandika kuliko sheria inayokataza kitu. Ukisema mtu asiue, asiibe, asichome nyumba ya jirani, kila mtu amekuelewa, hata asiyejua kusoma. Lakini ukisema mtu asimiliki bunduki ya namna fulani, umejitwika mzigo mwingine. Hapana budi ueleze ni namna gani hiyo, inaanzia wapi na inaishia wapi. Na ukishaeleza, fundi mwenye tupa na msumeno atakusoma kwa makini kuliko hakimu. Atasoma mstari kwa mstari, kisha atatengeneza kitu ambacho hakimo katika maneno yako.

Katika kurasa hizi nataka kuzihakiki sheria za aina hiyo kama mtu ahakikivyo kitabu: zimesema nini, zimeacha nini, na maneno yake yamefanya kazi gani baada ya kutoka mikononi mwa waandishi. Nazisoma nikiwa huku kusini, kati ya Masasi na Newala, mahali ambapo bunduki ina historia ndefu, na ambapo kosa la kumiliki silaha si habari ya gazetini tu.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Bunduki ya nusu otomatiki ni ile ambayo ukivuta triga mara moja hutoka risasi moja, na papo hapo bunduki yenyewe hutupa ganda na kujipakia risasi nyingine. Mwenye nayo hana kazi ya kukokota kila mara. Kazi yake ni kuvuta tena. Kwetu Tanzania bunduki ya namna hiyo inayojulikana zaidi ni ile iitwayo SAR, ambayo watu wengi wameiona begani mwa askari. Ndugu yake mkubwa ni SMG, ambayo yaweza kutoa risasi mfululizo kwa kuvuta triga mara moja na kuishikilia. Kati ya hizo mbili tofauti ni ndogo kwa macho, lakini ni kubwa kwa anayesimama mbele ya mtutu.

Sasa twende Marekani, kwa sababu huko ndiko sheria ya kuhesabu viungo vya bunduki ilikoandikwa kwa urefu na kuvunjwa kwa ustadi. Mwezi Januari 1989 mtu mmoja aliwapiga risasi watoto wa shule ya msingi katika mji wa Stockton, jimbo la California, na kuwaua 5. Mwaka huohuo California ikatunga sheria ya kuzuia kile walichokiita silaha za mashambulizi. Mwaka 1994 nchi nzima ikafuata. Sheria ya 1994 ilizitaja baadhi ya bunduki kwa majina, kisha ikaweka kipimo kwa zisizotajwa: raifo ya nusu otomatiki yenye magazini ya kuchomoa ilikatazwa kama ilikuwa na vitu viwili au zaidi kati ya hivi: kitako cha kukunja, mshikio wa chini kama wa bastola, kishikizo cha singe, kifaa cha kuzima mwali mdomoni mwa mtutu au nyuzi za kukifungia, na chombo cha kurushia guruneti.

Msomaji aitazame orodha hiyo taratibu. Je, ni kitu gani humo kinachoifanya bunduki iue haraka zaidi? Magazini, ndiyo. Sheria ile ilizuia pia magazini mpya zenye kubeba risasi zaidi ya 10, na hapo iligusa jambo la maana. Kitako cha kukunja hurahisisha kuificha. Lakini kishikizo cha singe! Ni lini mara ya mwisho muuaji wa raia kutumia singe? Waandishi wa orodha hii walikuwa na picha ya askari kichwani, wakaandika kile kilichoifanya bunduki ifanane na ya askari. Wenye viwanda wakafanya walichotarajiwa kufanya. Wakakata kishikizo cha singe, wakaondoa kizima mwali, wakaacha mtambo kama ulivyokuwa, wakaendelea kuuza. Bunduki iliyobadilishwa hivyo ilipiga kama ile iliyokatazwa. Mwaka 2004 muda wa sheria hiyo uliisha, na Bunge lao halikuuongeza.

California yenyewe ilijaribu kukaza. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1999 kiungo kimoja tu kilitosha kuifanya raifo yenye magazini ya kuchomoa iwe haramu. Mafundi wakalisoma neno la kuchomoa. Wakaweka kitufe ambacho kidole hakikiwezi, lakini ncha ya risasi au kifaa kidogo kinakiweza. Kwa hiyo magazini ikawa, kwa maneno ya sheria, haichomoki kwa mkono, ingawa ilichomoka kwa muda wa kupiga chafya. Ilibidi mwaka 2016 sheria iandikwe tena ili kuziba tundu hilo.

Mfano wa tatu ni mkubwa zaidi. Tarehe 1 Oktoba 2017, mjini Las Vegas, mtu mmoja aliupiga risasi umati wa watu kwenye tamasha la muziki kutoka dirisha la hoteli. Watu 58 walikufa katika shambulio hilo, na wengine wawili miaka ya baadaye kwa majeraha yale. Alikuwa ameziwekea bunduki zake za nusu otomatiki kitako cha namna ya pekee, kinachoiacha bunduki icheze mbele na nyuma kwa nguvu ya mlipuko wake yenyewe, hata triga ikajigonga kwenye kidole kilichotulia. Matokeo yake ni mvua ya risasi kama ya bombomu. Serikali ya Marekani ikakipiga marufuku kitako hicho kuanzia mwaka 2019, ikisema kwamba kinaigeuza bunduki kuwa bombomu. Mwezi Juni 2024 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaitengua marufuku hiyo. Sababu? Sheria ya tangu mwaka 1934 inasema bombomu ni bunduki inayotoa risasi zaidi ya moja kwa tendo moja la triga. Majaji walio wengi walisema kwamba kwa kitako hiki triga hutenda kila mara, risasi moja kwa tendo moja, hata kama matendo hayo yanafuatana kwa kasi ya cherehani. Maneno ya mwaka 1934 yalishinda maiti za mwaka 2017.

Sisemi kwamba majaji hao walikosea kusoma. Labda walisoma sawasawa kabisa, na hapo ndipo penye uchungu. Sheria ilikuwa imeuelezea mtambo wakati ilichokusudia ni kuzuia mauaji, na mtambo ulipobadilika maneno yakabaki yameshika hewa.

New Zealand nayo ina somo lake. Baada ya mauaji ya Aramoana mwaka 1990, nchi hiyo ilitunga sheria mwaka 1992 iliyotenga bunduki za nusu otomatiki za mtindo wa kijeshi na kuziwekea masharti makali kuliko nyingine. Zilitengwa kwa viungo: magazini kubwa, kitako cha kukunja, na vingine vya namna hiyo. Bunduki ileile ikiwa na magazini ndogo ilibaki kwenye leseni ya kawaida. Na magazini kubwa ilikuwa kitu cha kununua dukani bila taabu. Tarehe 15 Machi 2019, siku ya Ijumaa, mtu mwenye leseni hiyo ya kawaida aliingia misikiti miwili mjini Christchurch na bunduki alizozitia magazini kubwa, akaua waumini 51. Mwezi uliofuata Bunge la nchi hiyo likaacha kuhesabu viungo, likapiga marufuku karibu bunduki zote za nusu otomatiki. Ilichukua miaka 27 na misiba ya Ijumaa moja kuifuta aya hiyo.

Ndugu msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Sheria ya kuzigawa bunduki kwa viungo vyake ilitufikia sisi kabla ya kufika California, kwa muda wa karibu miaka 100.

Lugha yetu inashuhudia. Mswahili alizigawa bunduki kwa viungo kabla ya mwanasheria. Kuna bunduki ya mrao, iwashwayo kwa utambi. Kuna ya gumegume, inayotoa cheche kwa jiwe. Kuna ya fataki. Kuna ya viasi, ambayo risasi na baruti vimo pamoja ndani ya ganda moja. Kuna ya marisau, na kuna ya midomo miwili. Na kuna gobole, linaloshindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni. Maneno haya ni ya wafanyabiashara. Yalipanda kutoka Lindi, Mikindani na Kilwa pamoja na misafara, na huku bara yakalipiwa kwa pembe, kwa mpira na, tusifiche, kwa watu.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini mkataba mjini Brussels, uliotokana na mkutano wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya silaha. Kwa eneo lote la Afrika kati ya mstari wa 20 kaskazini na mstari wa 22 kusini, mkataba ulikataza kuingiza bunduki, hususan raifo na silaha zilizoboreshwa, isipokuwa kwa masharti. Wenyeji waliweza kuuziwa namna moja tu: bunduki ya gumegume yenye mtutu usiochongwa mifuo ndani, na baruti ya kawaida, ile iliyoitwa baruti ya biashara.

Nauweka mkataba huu kando ya sheria ya Marekani ya 1994, na nikivisoma kama maandishi tu, naona jambo la kushangaza. Mkataba wa Brussels uliandikwa vizuri zaidi. Haukutaja kishikizo cha singe, wala umbo la kitako. Ulitaja mifuo ya mtutu, ambayo ndiyo inayoipeleka risasi mbali na kwa shabaha, na ulitaja namna ya kuwasha, ambayo ndiyo inayoamua mtu atapiga mara ngapi kwa dakika, na kama atapiga siku ya mvua. Waandishi wake walijua hasa ni kitu gani kinachoua, kwa sababu walitaka wao wenyewe wabaki nacho. Sheria ya Marekani ilikuwa na nia njema na kalamu mbaya. Mkataba wa Brussels ulikuwa na kalamu nzuri, na nia yake ilikuwa nusu ya wema na nusu ya ujanja. Ni kweli kwamba bunduki na utekaji wa watumwa vilikwenda pamoja, na mtu wa Ruvuma hawezi kulikana hilo. Lakini ni kweli vilevile kwamba wakati wa mkataba huo ndio wakati wa kugawana Afrika, na aliyeachiwa gumegume ndiye aliyekuwa anavamiwa.

Katika uwanda wetu wa Makonde hayo yalionekana kwa macho. Machemba, mkuu wa Wayao aliyekuwa na makao yake Luagala, aliwasumbua Wajerumani kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 1899 alipovuka Ruvuma na kwenda upande wa Wareno. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilifika Masasi, na misheni ikachomwa. Walioinuka walikuwa na mikuki, mishale na bunduki za kushindilia, nao walikabiliwa na raifo na bombomu. Vita vilipozimwa, kukabidhi silaha kulikuwa miongoni mwa masharti ya kusalimu amri. Tofauti ya viungo iliyoandikwa Brussels ilikuwa ndiyo tofauti ya makaburi.

Na ni nani aliyeponyoka? Ethiopia, iliyomo ndani ya mistari ileile, ilipata raifo za kisasa kwa wingi, na tarehe 1 Machi 1896 ikawashinda Waitalia huko Adwa. Mfalme mwenye hazina na mabalozi alilipita tundu la sheria. Mkulima wa Newala hakulipita. Hili ni jambo la kukumbuka kila tunapotunga sheria ya silaha: huwabana kwanza wale ambao hata bila sheria wasingepata silaha kubwa.

Hivyo ndivyo gobole lilivyobaki kuwa bunduki ya maskini. Sheria ya kikoloni ililiachia nafasi, umaskini ukalilinda, na wahunzi wa vijijini wakajifunza kulitengeneza na kulikarabati. Mzee mmoja wa Newala alipata kunieleza kwamba gobole lake lilikuwa la kelele kuliko la kuua: nguruwe hawakufa, ila walihamia shamba la jirani, naye jirani akalazimika kutafuta lake.

Kelele hizo si mchezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wamewaua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308, na mikoa ya kusini, Lindi na Mtwara ikiwemo, ndiyo iliyoumia zaidi. Mashambulizi yalizidi kati ya Machi na Mei, wakati wa mavuno, kwa sababu nguruwe mwitu huja kula mazao, mkulima hulala dungu kuwalinda, na simba humfuata nguruwe akamkuta mtu. Mwenye kulala kwenye dungu la miti na nyasi, akiwa na mke na watoto, hahitaji kuelezwa kwa nini baba yake alikuwa na gobole.

Sasa tuzitazame sheria zetu za leo. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1991, iliyokuja kubadilishwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kabla ya hapo nchi yetu ilikuwa imetia saini itifaki ya nchi za kusini mwa Afrika mwaka 2001, na Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, inayohusu nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Itifaki ya Nairobi ina sentensi ninayoipenda kwa ufupi wake. Inazitaka nchi ziweke katika sheria zao marufuku kamili ya raia kumiliki na kutumia raifo za otomatiki, raifo za nusu otomatiki na bombomu. Hakuna orodha ya vitako, wala kitufe. Fundi mwenye tupa akiisoma sentensi hiyo hapati pa kuanzia, kwani chochote atakachokikata au kukiunga, bunduki inayojipakia yenyewe itaendelea kujipakia yenyewe.

Afrika Kusini nayo iliandika vizuri katika sheria yake ya mwaka 2000. Imekataza bunduki yoyote ambayo mtambo wake umebadilishwa ili itoe risasi zaidi ya moja kwa kuvuta triga mara moja. Imekataza pia bunduki iliyobadilishwa urefu wa mtutu au ukubwa wa risasi yake bila kibali cha maandishi, na ile iliyofutwa namba. Hapa sheria inatazama tendo. Mtu aliyekata mtutu amefanya jambo, na jambo hilo lina maana. Hakuna mkulima anayehitaji bunduki fupi ya kuficha ndani ya koti; nguruwe hajali bunduki ina urefu gani. Mara nyingi polisi wetu wanapotangaza kukamata majambazi, husikika habari ya SMG iliyokatwa kitako au bunduki ya marisau iliyokatwa mtutu. Msumeno umekwisha kutoa ushahidi kabla ya shahidi yeyote kupanda kizimbani.

Kwa hiyo mlangoni, pale inapoamuliwa nani amiliki nini, sheria zetu za Afrika ziko mbele ya zile za Marekani, na hatuna haja ya kuona haya kulisema. Shaka yangu iko mahali pengine, nako ni kwenye hukumu.

Mwaka 1984 Tanzania ilitunga Sheria ya Uhujumu Uchumi. Ilizaliwa katika joto la vita dhidi ya walanguzi, wakati sabuni na sukari zilipofichwa maghalani. Kwa miaka mingi makosa ya kumiliki silaha kinyume cha sheria yamekuwa yakiorodheshwa humo. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya makosa ya sheria hiyo kuwa kifungo kisichopungua miaka 20 wala kuzidi 30. Neno la kulitazama hapo ni kisichopungua. Neno hilo halina jicho. Halioni kama kilichokamatwa ni SMG yenye magazini imejaa, iliyokatwa kitako na kufutwa namba, au ni gobole lililofungwa kwa waya, lililokaa darini tangu enzi za marehemu.

Chukua mfano wa mpwa aliyerithi vitu vya mjomba wake, kama ilivyo desturi ya Wamakonde, Wayao na Wamakua. Katika vitu hivyo mna jembe, mna shoka, mna gobole. Hana leseni, wala mjomba hakuwa nayo. Kumpeleka mtu huyu gerezani akiwa na miaka 25 ili atoke akiwa na 45 ni kumwambia kwamba kati yake na mvunja benki hakuna tofauti ambayo sheria inaona haja ya kuipima. Marekani walipima viungo vya bunduki hata wakapotea ndani yake. Sisi, tukifika kwenye adhabu, hatupimi chini ya miaka 20.

Nayajua majibu ya upande wa pili, na ni mazito. Gobole linaua. Linaua katika ugomvi wa pombe na wa mashamba kama silaha nyingine, na likipasuka humuua hata mwenyewe. Magobole hayakosekani katika kesi za ujangili, na idadi ya tembo wa Selous na Mikumi ilishuka kutoka karibu 39,000 mwaka 2009 hadi karibu 13,000 mwaka 2013. Tena sisi tunakaa mpakani. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita vya ukombozi kuanzia 1964 hadi 1974, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe mpaka mapatano ya Roma ya Oktoba 1992. Mwaka 2017 yalianza mapigano mengine huko Cabo Delgado, na Oktoba 2020 wapiganaji walivuka na kukishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu Mtwara. Serikali iliyoona hayo ina haki ya kuiogopa kila silaha isiyo na namba.

Pia kuna hoja ya hatari ya ngazi: ukianza kutofautisha gobole na raifo, utakuwa umefungua mlango uleule wa Marekani, na kesho fundi atatengeneza kitu kati ya gobole na raifo ili apate adhabu ndogo. Hoja hii ndiyo niliyoifikiria kwa muda mrefu zaidi. Nadhani inajibika hivi. Mlango na mizani ni vitu viwili. Mlangoni, sheria ikiruhusu vitu vyenye viungo fulani na kukataza vingine, imemwonyesha mwerevu njia ya kupita: abadilishe kiungo, apite. Kwenye mizani ya hukumu hakuna pa kupita. Mtu amekwisha kutiwa hatiani. Hapo hakimu akiulizwa ni silaha gani, ilibadilishwa nini, na ilikuwa katika mkono wa nani kwa kazi gani, hakuna fundi anayenufaika. Jambazi hatabadilisha SMG yake iwe gobole ili apunguziwe miaka. Na akifanya hivyo, Mungu ambariki, watu wengi watapona.

Kwa hiyo orodha ya viungo ambayo Marekani waliiweka mlangoni, mahali isipofaa, ndiyo ninayoiombea nafasi ndani ya chumba cha hukumu. Magazini ilibeba risasi ngapi? Kitako kilikatwa? Namba ilifutwa? Mtambo ulitengenezwa upya ili utoe risasi mfululizo? Kila jibu la ndiyo liongeze miaka. Na pale majibu yote yanapokuwa hapana, silaha ikiwa ya kushindilia kwa mdomo, haikubadilishwa chochote wala haikutumika kumdhuru mtu wala mnyama wa serikali, hakimu awe na ruhusa ya kushuka chini ya 20, hata kufikia faini na kunyang'anywa silaha. Bila ruhusa hiyo, hata misamaha ya kusalimisha silaha inayotangazwa mara kwa mara haifanyi kazi yake yote. Mwenye gobole darini, aliyechelewa siku moja, anajua kwamba kulitoa ni kujipeleka kwenye miaka 20. Atalichimbia chini. Na bunduki iliyochimbiwa chini ina warithi wake.

Wenzetu wa ng'ambo ya mto walijaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, akiwamo Askofu Dinis Sengulane, lilipokea silaha za vita na kutoa badala yake majembe, vyerehani na baiskeli. Silaha hizo zilikatwakatwa, na wasanii wakazigeuza sanamu. Kiti cha enzi kilichoundwa kwa vipande vyake mwaka 2001 na msanii aitwaye Kester kimo leo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Kilichowavuta watu kuzitoa, naamini, kilikuwa ni hakika kwamba aliyeleta bunduki ataondoka na jembe, hataondoka na pingu. Mpango ule ulimtazama mwenye silaha kwanza, kisha silaha.

Sheria nzuri ya silaha inahitaji macho mawili. Jicho la kwanza liwe kali na fupi wa maneno, limkatalie raia kila bunduki inayojipakia yenyewe, bila kujali imevikwa kitako gani. Jicho la pili liwe na subira, litazame mtutu, kitako, namba na mkono ulioshika, kabla ya kutamka idadi ya miaka. Sisi tunalo la kwanza. La pili tulilifumba mwaka 2016, na wanaoumia kwa kufumbwa kwake ni watu wa dungu, kila msimu wa mavuno, wakati nguruwe wanapoanza kusikika mihogoni.